Kazi ya Kurithiwa: Nasaha kwa Mtafiti Kijana

Mwanangu, umejisajili kwa shahada ya uzamifu, umepewa meza, ufunguo na kadi ya maktaba. Kabla hujavizoea vitu hivyo, nataka nikuusie kuhusu mwenendo wa mtu anayeishi kwa utafiti, hasa anayeishi nao huku kwetu, kati ya Njoro, Nakuru mjini na nyanda za Mau. Nadharia na takwimu utafundishwa na wanaozijua kunishinda. Mimi nitakuambia adabu, kwa sababu nimeona watu wenye akili kali wakikwama kwa kuikosa, na wenye akili ya kawaida wakifika mbali kwa kuwa nayo. Yote nitakayosema yanarudi kwenye jambo moja: fanya kazi yako kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuishika pale ulipoiachia, akaiendeleza bila kukutafuta.

Hapa Njoro jambo hilo liko mbele ya macho yetu. Kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kilianzishwa mwaka 1927, na leo kiko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO. Walowezi walikuwa wameshajaribu ngano tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere akiwa mmoja wao, na ugonjwa wa kutu ukawaharibia mazao. Tangu siku mtafiti anapochavusha mimea miwili hadi siku mkulima wa Mau Narok anaponunua mfuko wa mbegu, huweza kupita miaka kumi. Aliyeanza anaweza kuwa amestaafu, amehamishwa, au amezikwa. Mbegu huvuka kutoka mkono hadi mkono kwa sababu kila aliyeishika aliandika ni ipi, ilitoka wapi na ilifanya nini msimu uliopita.

Tazama namna dunia ilivyopata habari za Ug99, jamii ya kutu ya shina. Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere kusini-magharibi mwa Uganda, mtafiti wa ngano William Wagoire aliona kutu ya shina kwenye mimea iliyotarajiwa kuihimili. Angeweza kupita. Ngano nyingi duniani zilikuwa zikiitegemea jeni iitwayo Sr31, na wengi waliamini kuwa kutu ya shina ilikuwa imekwisha kushindwa. Wagoire hakupita: alikusanya sampuli, nazo zikapelekwa kwa Zacharias Pretorius, Afrika Kusini, aliyekuwa na vifaa na ujuzi wa kuitambua jamii ya vimelea hivyo. Mwaka 1999 ikathibitika kuwa ni jamii mpya, na jina lake likatokana na nchi ilikoonekana na mwaka huo. Mwaka 2001 ilionekana Kenya. Hapa Njoro, Ruth Wanyera, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, alikuwa miongoni mwa walioifuatilia. Taarifa fupi ya kisayansi iliyotoka mwaka 2006 kuhusu kuenea kwake Afrika Mashariki ina majina manne: Wanyera, Miriam Kinyua, Yue Jin na Ravi Singh. Norman Borlaug, aliyepata tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970, alikuja mwaka 2005 akiwa na zaidi ya miaka tisini, akajionea kutu hiyo mashambani, kisha akaibebea bango duniani kote. Tangu hapo maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi zimepandwa Njoro kila mwaka ili zipimwe mbele ya adui mwenyewe.

Katika mnyororo huo hakuna aliyefanya yote. Wa kwanza aliona, wa pili alitambua, wengine wakafuatilia, wakaandika, wakapanda. Kama Wagoire angekaa na sampuli zake akingoja siku atakapokuwa na maabara ya kutosha ili sifa iwe yake peke yake, ugonjwa usingemngoja. Ukiona usichokielewa, mpelekee anayeweza kukielewa, na umpelekee mapema. Nasema hivi kwa sababu katika vyuo vyetu nimekutana na hofu kubwa ya kuibiwa wazo. Kuibiwa kupo, sikatai. Lakini mawazo yaliyooza katika droo za wenye hofu ni mengi kuliko yaliyoibwa.

Basi anza na daftari. Liwe la karatasi zilizoshonwa, si za kuchomoka. Ukiwa shambani andika kwa penseli, kwa maana umande wa Njoro saa moja asubuhi hufuta wino, nayo penseli hubaki. Kila ukurasa uwe na tarehe, mahali, namba ya kitalu, jina la aliyepima na jina la aliyeandika. Anayepima kutu ya shina hukadiria kwa jicho asilimia ya shina iliyoshikwa, kisha huandika kama mmea unahimili au unashindwa; na macho ya watu wawili hayalingani. Usipoandika ni nani aliyepima, miaka mitatu baadaye utakuta vitalu vimetofautiana na hutajua kama tofauti ni ya mbegu au ya macho. Andika hata yanayokuaibisha: ng'ombe walioingia usiku, mbolea iliyokwisha kabla ya mstari wa mwisho, mizani iliyoanguka. Mtafiti anayeficha dosari za jaribio lake anampa mrithi wake mtego. Jioni hiyohiyo, kabla ya chakula, nakili tarakimu kwenye kompyuta, na nakala ya pili iweke mahali ambapo kompyuta hiyo haipo. Begi moja likiibwa kwenye matatu kati ya Njoro na Nakuru linaweza kuondoka na miaka minne ya mtu.

Na usidharau kipimo kinachochosha. Ziwa Nakuru lilikauka karibu lote katikati ya miaka ya 1990. Baada ya mwaka 2010 maji yakaanza kupanda, yakafunika miti ya migunga ya ufukweni, yakafurika hadi lango kuu la hifadhi likahamishwa. Kila mtu akauliza: je, hili limewahi kutokea? Swali la namna hiyo halijibiwi na mwerevu wa leo. Hujibiwa na watu waliosoma kipimo cha maji mwezi baada ya mwezi, na waliokaa kando ya ziwa kama Ekkehard Vareschi, ambaye miaka ya 1970 alilichunguza ziwa hilo, mwani wake na flamingo wanaoula. Hakujua ni nani angekuja kuzihitaji tarakimu zake. Nawe hujui.

Sasa kuhusu msimamizi wako. Mwite kwa cheo chake mpaka yeye mwenyewe akuambie vinginevyo. Kwetu heshima hiyo haijawahi kumpunguzia mtu kitu. Lakini heshima isigeuke woga. Usiende kwake mikono mitupu ukasema, "Profesa, nimekwama." Nenda na ukurasa mmoja: nilifanya hili, nikapata hili, nadhani tatizo liko hapa, nimefikiria njia mbili. Hapo unampa kitu cha kushika, naye atakukumbuka kama mtu anayefikiri. Mkiachana, mwandikie siku hiyohiyo mistari michache ya mliyokubaliana. Watu wanasahau, na yeye ana wanafunzi wengine, vikao, na pengine darasa la jioni mjini. Wapo wanafunzi wanaoonekana tu wakitaka sahihi. Ukiwa miongoni mwao, usishangae sahihi ikichelewa.

Jambo likiharibika, mwambie mapema. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hakuna mahali methali hiyo inapouma kama katika uzamifu. Mwanafunzi anayegundua mwezi wa pili kuwa sampuli zake zimeharibika, kisha akajificha hadi mwaka wa pili, ameligeuza tatizo la juma moja kuwa tatizo la maisha. Msimamizi mwema atakasirika kidogo, kisha atavuta kiti.

Ikiwa msimamizi wako si mwema, au hana nafasi, usikate tamaa na wala usimchafue jina korido nzima. Tafuta walezi wengine pembeni yake. Wangari Maathai, ambaye alipitisha sehemu ya utoto wake kwenye shamba la mlowezi karibu na Nakuru alikofanya kazi baba yake, alirudi kutoka Marekani Januari 1966 akiwa na barua ya kazi ya utafiti katika chuo cha Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Aliyemchukua ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Giessen, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo na aliyehitaji mtu wa kuandaa tishu kwa ajili ya darubini. Kazi hiyo Wangari alikuwa ameijua tangu masomo yake ya Pittsburgh. Hofmann alimhimiza aende Ujerumani kuendelea na masomo, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Watu humkumbuka kwa miti na kwa Nobeli ya 2004, na ni haki yake. Mimi napenda vijana wamkumbuke pia kwa ule ujuzi wa mikono. Barua ya ahadi ilivunjwa, lakini kujua kukata tishu na kuitia rangi ni kitu ambacho hakuna ofisi iliyoweza kumnyang'anya. Basi jifunze jambo moja la mikono kwa ukamilifu: kuendesha mashine fulani, kutambua mwani, kuandika programu ya takwimu, kunukuu mahojiano bila kupoteza neno. Mlezi hupata urahisi wa kukutetea akiwa na la kukutetea nalo.

Nifike kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: adabu ya kuingia katika boma la mtu.

Ukienda kuhoji wakulima Njoro, Molo, Kuresoi au Olenguruone, unaingia mahali ambapo ardhi imemwaga damu. Mapigano ya 1992, ya 1998 na ya mapema 2008 yaliwafukuza watu makwao, na wapo wanaoishi leo mita chache kutoka kwa aliyewachomea nyumba. Huko Mau, watu waliondolewa msituni kuanzia mwaka 2009, na upande wa Maasai Mau tena mwaka 2018 na 2019. Sasa wewe unafika asubuhi, kijana usiyejulikana, na maswali yaliyochapwa: kaya yenu ilihamia hapa mwaka gani? Mna ekari ngapi? Hati iko kwa jina la nani? Mkononi una kifaa cha GPS. Kwako ni maswali ya utangulizi kabla ya kufikia mbolea na mavuno. Kwa mama aliyesimama mlangoni, hayo ndiyo maswali yaliyotangulia kila mara alipohamishwa. Atakujibu kwa upole na atakudanganya, na ana haki ya kujilinda. Wewe utarudi chuoni na jedwali zuri lililojaa uongo.

Kwa hiyo nenda taratibu. Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI ni lazima kisheria, na kamati ya maadili ya chuo nayo lazima ikupitishe; lakini karatasi hizo zinakufikisha kwa chifu tu, hazikufikishi moyoni mwa mtu. Kutoka kwa chifu nenda kwa mzee wa kijiji, na mwache akutambulishe siku ambayo huna swali lolote la kuuliza. Usifike wakati wa kukama. Ukikaribishwa chai, kaa unywe, hata kama una kaya nane za kufikia siku hiyo. Nane zenyewe ni nyingi mno. Eleza unatafuta nini, nani anakulipa, na majibu yatakwenda wapi. Sema wazi kwamba mtu anaweza kukataa na hatapoteza chochote, kisha akikataa, shukuru na uondoke bila kununa. Swali la kabila usiliulize ila kama utafiti wenyewe haukamiliki bila hilo. Kabla ya kuwasha GPS au kurusha droni, omba ruhusa, na uonyeshe skrini: hapa ndipo tulipo, hiki ndicho kinachoandikwa. Kama unaweza kufanya kazi bila kuandika mahali boma lilipo kwa usahihi wa mita tatu, fanya bila.

Halafu rudi. Hapa nasema kwa uchungu. Kuna wakulima katika kaunti hii ambao udongo wao umechotwa na watafiti mara kadhaa, na hawajawahi kuambiwa shamba lao lina asidi kiasi gani. Majibu yapo kwenye tasnifu, kwa Kiingereza, kwenye rafu. Tenga kwenye bajeti yako, tangu mwanzo, fedha za kurudi: nauli, karatasi moja kwa kila kaya iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, na baraza moja la saa mbili ambalo mkalimani wa Kikalenjin au Kikuyu atakuwepo kwa ajili ya wazee. Atakayekuja kutafiti baada yako atapokelewa kulingana na ulivyoondoka. Huo nao ni urithi, na pengine ndio wa kwanza utakaouacha.

Mtu wa kijijini atakayekusaidia kupima, kubeba na kutafsiri, mlipe siku mliyoagana, na jina lake liandike. Kamoya Kimeu alianza kufanya kazi na akina Leakey huko Olduvai mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba. Mwaka 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu ambacho wengi wangekidhani kokoto; kikawa mwanzo wa mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale anayejulikana dunia nzima. Jina lake limeingia hata katika majina ya kisayansi ya nyani wawili wa kale, na mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kufariki, chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimtunuku udaktari wa heshima. Ni heshima iliyostahili, ingawa ilikawia. Wapo kina Kamoya wengi katika maabara na mashamba yetu ambao majina yao hayajatoka hata katika shukrani. Fundi wa maabara aliyekuonyesha kwamba njia yako ya kupima protini ina kasoro amechangia sayansi, si huduma. Ikiwa mchango wake ni wa kufikiri, mweke miongoni mwa waandishi. Na mtu asiyefanya lolote zaidi ya kuwa mkuu wa idara, usimweke. Jambo hilo lizungumzwe mwanzoni mwa kazi, kwa maandishi, maana mwishoni kila mtu hukumbuka jasho lake peke yake.

Kuhusu kuandika nitasema machache. Andika kila siku ya kazi, asubuhi, kabla ya simu. Aya moja inatosha. Sura ya mbinu iandike siku unazozitumia hizo mbinu, kwa sababu baada ya mwaka hutakumbuka kama ulikausha sampuli kwa nyuzi sitini au sabini. Kanuni za nchi zinataka mwanafunzi wa uzamifu awe na makala mbili katika majarida yenye wahakiki, na shinikizo hilo limezaa soko: majarida yanayochapisha chochote kwa wiki moja ukilipa. Yakimbie. Makala yako ikikataliwa na jarida la kweli, soma maoni ya wahakiki, funga, lala, yasome tena. Usiku wa kwanza utaona matusi. Siku ya tatu utaanza kuona kazi. Mara nyingi mhakiki asiyekuelewa amekuonyesha mahali ambapo msomaji mwingine yeyote naye hatakuelewa.

Usipime ukuaji wako kwa idadi ya makala wala kwa mwenzako aliyemaliza kabla yako, kwa maana kilichomalizika leo huweza kushindwa kesho. Mbegu ya ngano iitwayo Robin ilitolewa kwa wakulima wa Kenya kwa sababu ilihimili Ug99, na ikapendwa. Mwaka 2014 kutu ya jamii mpya ikaishinda jeni iliyokuwa ikiilinda. Waliokuwa na mimea mingine katika vitalu, iliyo nusu njiani, ndio waliokuwa na pa kuanzia. Kila mwaka uwe na jambo ulilolimaliza, jambo ulilo katikati yake, na jambo unalolianza ukiwa bado hulijui vizuri.

Maisha ya chuo yatakukatiza. Migomo ya wahadhiri ya 2017, 2018 na 2024 ilifunga madarasa kwa wiki nyingi, na mshahara ukichelewa mtu hukubali vipindi vya muda hapa na pale mpaka anageuka msafiri wa matatu mwenye shahada. Simlaumu, watoto lazima wale. Ila ukijikuta hapo, linda asubuhi mbili kwa juma kama unavyolinda ada ya mtoto. Fedha za mradi usizichanganye na zako hata kwa siku moja. Masurufu yana stakabadhi, na stakabadhi ina siku yake. Wanaochelewesha hesabu kwa sababu ya dharura ya nyumbani huanza wakiwa waaminifu kabisa. Na uwandani usiende peke yako. Leslie Brown, afisa wa kilimo wa enzi ya ukoloni aliyewapenda flamingo kuliko usalama wake, alijaribu katika miaka ya 1950 kuvuka kwa miguu matope ya magadi ya Ziwa Natron akiyafuata mazalio yao. Miguu yake iliungua vibaya hata akalazwa hospitalini. Kitabu kuhusu flamingo hao alikuja kukiandika. Lakini angeweza asirudi.

Siku itafika utaitwa msimamizi. Hapo ndipo nitajua kama ulisikia. Rasimu ya mwanafunzi ukiipokea, mwambie siku utakayoirudisha, na uirudishe siku hiyo. Sahihisha hoja kabla ya nukta. Usimtume dukani, usimfanye dereva, usiweke jina lako mbele ya lake katika kazi aliyoitolea jasho. Mlango wa ofisi uwe wazi mnapozungumza, na usimwite mwanafunzi hotelini wala nyumbani kwako kwa ajili ya tasnifu. Nasisitiza hili kwa wanaume hasa. Wasichana wenye vipaji wameacha utafiti kwa sababu mtu aliyekabidhiwa elimu yao alitaka kitu kingine, na wengi waliojua walinyamaza. Ukijua, usinyamaze. Fuatana na mwanafunzi hadi kwenye ofisi inayohusika, ukae naye, uandike ulichokiona.

Chagua pia mmoja asiye mwanafunzi wako rasmi, umlee. Programu ya AWARD, yenye makao Nairobi tangu 2008, humpa mwanasayansi mwanamke wa kilimo mshauri aliyemtangulia, na wakati huohuo humtaka naye amshike mkono mdogo wake. Napenda mpango huo kwa sababu haumwachi mtu apokee tu. Huhitaji kungoja programu. Yupo kijana pale Njokerio, jirani na chuo, mwaka wa tatu, anayeuliza maswali mazuri darasani na hajui kuwa kuna kitu kinaitwa utafiti kama kazi ya maisha. Mpeleke shambani Jumamosi moja. Mpe daftari.

Na utakapohama au kustaafu, usiondoke kwa sherehe pekee. Miezi sita kabla, keti na atakayebaki. Mpe orodha ya sampuli, na kila moja iko jokofu gani, rafu ipi, na ipi inaweza kutupwa. Mpe faili za data pamoja na ukurasa unaoeleza kila safu ina maana gani na imepimwa kwa kizio gani. Mpe namba za wazee wa vijiji, baada ya kuwaomba ruhusa wao kwanza, na umpeleke kwa miguu yako hadi kwa wale wawili au watatu wasiopenda wageni. Wanafunzi ambao hawajamaliza wakabidhi kwa barua, jina kwa jina, sura waliyofikia na ahadi ulizowapa. Madaftari ya shambani yaache kituoni, yote, pamoja na yale yenye kurasa zilizolowa.